Kuchekecha Kabla ya Kuosha Dhahabu Laini: Wapi Kunalipa, Wapi Kunakula Muda

Anayeosha dhahabu laini bila kuchekecha ana hoja yake, na si hoja ya kijinga. Anasema wakati mwenzake anatikisa chekeche, yeye ameshapitisha mferejini, yaani kwenye lile sanduku refu la kuoshea lenye zulia na vizuizi vya kukamata dhahabu, mzigo mara mbili ya huo. Anayechekecha kila kitu mpaka kibaki mchanga mtupu naye ana hoja: mawe hayana dhahabu, ya nini kuyapitisha kwenye zulia? Wote wawili wanapoteza, ila kila mmoja kwa njia yake. Wa kwanza dhahabu inamtoka mkiani mwa mfereji. Wa pili inambakia ardhini, kwa sababu jua linazama hajaosha hata nusu ya alichochimba.

Msimamo wetu ni huu: unachekecha ili uweze kupunguza maji. Ukichekecha halafu mfereji ukabaki na maji yaleyale, mwinuko uleule na vizuizi vilevile vya kuoshea kokoto, umejichosha bure, na mara nyingine utapata kidogo kuliko ulivyokuwa unapata kabla. Chekeche na mfereji huamuliwa pamoja.

Kwanza tukubaliane dhahabu laini ni ipi. Hapa tunazungumzia chembe zilizo chini ya nusu milimita, hasa zile za milimita 0.1 mpaka 0.3 ambazo kwenye karai zinaonekana kama vumbi la njano. Chembe ya mviringo ya milimita 1 ina uzito wa takriban miligramu 10, hivyo chembe 100 hivi zinatosha gramu moja. Chembe ya milimita 0.1 ni nyepesi mara elfu moja kuliko hiyo; gramu moja inahitaji karibu chembe 100,000. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa kila unapotazama karai na kuhesabu macho ya njano. Punje moja ya milimita 3 iliyotupwa na mawe ni sawa na chembe 27,000 za vumbi. Kwa hiyo anayesema "nimeona chembe 12 kwenye marudio", yaani kwenye mabaki yaliyokwisha oshwa, bado hajasema kitu mpaka aseme ni za ukubwa gani.

Sasa kwa nini mawe yanaidhuru dhahabu ndogo? Kwa ujazo uleule, dhahabu safi ni nzito mara 19.3 kuliko maji, kwatzi, ule mchanga mweupe wa kawaida, mara 2.65, na magnetaiti, ule mchanga mweusi unaorukia sumaku, mara 5.2 hivi. Dhahabu ya asili huwa imechanganyika na fedha, kwa hiyo hupungua kidogo. Ndani ya maji kila kitu kinapunguziwa uzito wa maji kiliyoyahamisha: dhahabu inabaki na 18.3, kwatzi 1.65. Hiyo ni tofauti ya mara 11, na mtu akiisikia anadhani hakuna mchanga wa kushindana na dhahabu. Ila ukubwa unaharibu hesabu. Kwa chembe ndogo sana, kipenyo kikipungua nusu, kasi ya kuzama inapungua mpaka robo. Matokeo yake chembe ya dhahabu ya milimita 0.1 inazama pamoja na mchanga wa kwatzi wa takriban milimita 0.33, na pamoja na magnetaiti ya milimita 0.2. Hapo bado tumeipendelea dhahabu kwa kuichukulia kuwa mviringo. Dhahabu ya mito mara nyingi imepondwa na mawe ikawa bapa, na chembe bapa inazama polepole zaidi, ikiyumba huku na huku.

Kwa hiyo maji yanayoweza kusukuma mchanga wa milimita 0.5 tayari yana uwezo wa kuiyumbisha dhahabu ya milimita 0.1. Vipi maji ya kusukuma jiwe? Ili jiwe la milimita 30 liteleze lenyewe mpaka mkiani bila kusukumwa kwa mkono, unahitaji maji yenye kina kinachokaribia unene wa jiwe, yakienda takriban mita 1 kwa sekunde au zaidi. Katika maji hayo chembe ya vumbi haipati nafasi ya kufika chini isipokuwa mfereji uwe mrefu sana, na ikifika inang'olewa tena.

Jiwe linalokwama lina balaa zaidi. Simamisha maji ghafla siku moja baada ya kuosha mzigo ambao haujachekechwa, uangalie mahali jiwe lilipokwama juu ya kizuizi. Pembeni na nyuma yake utaona zulia limebaki tupu, nyuzi zake zimesimama safi kabisa, na mchanga mweusi umesukumwa ukawa ukingo mdogo sentimita chache chini yake. Maji yakigawanyika kulizunguka jiwe huchimba. Sehemu ile ilikuwa imeshika dhahabu dakika 10 kabla.

Hata hivyo mawe yana faida moja ambayo wapenzi wa chekeche hawaizungumzii. Kokoto zinazobiringika juu ya vizuizi vya urefu wa milimita 12 mpaka 25 zinautikisa mchanga ulio katikati ya vizuizi na kuuzuia usigande. Mchanga uliolegea unaruhusu dhahabu kupenya chini. Ulioganda dhahabu inauteleza juu kama sakafu. Ukiondoa kokoto zote na kuacha vizuizi virefu mahali pake, mchanga mweusi unajaa kila nafasi, unakaza, na ndani ya nusu saa mfereji wako ni ubao tu. Hii ndiyo sababu baadhi ya watu walijaribu kuchekecha, wakapata kidogo, na wakaapa kwamba kuchekecha ni hadithi za watu wa vitabuni.

Mkato wa kwanza tunaoupendekeza, yaani ukubwa ambao kila kinachouzidi kinatolewa, ni wa milimita 12 hivi, na huo karibu kila mara unalipa. Haudai hata chekeche la mkono. Panga nondo juu ya kichwa cha mfereji zikiwa zimeachana milimita 12, au tumia bati nene lililotobolewa, ulilaze kwa mwinuko wa nyuzi 35 mpaka 40 ili mawe yabiringike yenyewe kuanguka pembeni, na maji ya kuoshea yamwagike juu ya hizo nondo badala ya kuingizwa mferejini moja kwa moja. Koleo linamwagwa palepale lilipokuwa likimwagwa siku zote. Kazi iliyoongezeka ni kuondoa lundo la mawe. Kwenye mzigo wa mto wenye kokoto nyingi, nondo hizo peke yake zinaweza kukuondolea nusu ya uzito au zaidi. Mwinuko ukiwa mdogo mawe yanalala juu ya nondo na kuziba. Ukiwa mkali mno yanaruka kabla hayajaoshwa, yakiondoka na udongo ulioshikilia dhahabu.

Randy Clarkson, mhandisi wa Yukon nchini Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1980 alipima mifereji ya migodi ya kokoto kwa kutumia chembe za dhahabu zilizotiwa mionzi, kisha akatafuta zimekwama wapi. Alichokiona kinalingana na ambacho waoshaji makini wanakijua: dhahabu nyingi hukamatwa mwanzoni mwa mfereji, vizuizi vilivyoganda haviikamati, wavu wa chuma uliolazwa juu ya zulia hushika dhahabu ndogo vizuri kuliko vyuma virefu vya pembe, na kuondoa mawe makubwa mapema kunaongeza kinachopatikana. Yeye alikuwa akipima mifereji ya mitambo mikubwa, lakini maji hayajui kama mfereji ni wa tajiri au wa mtu na ndoo yake.

Mkato wa pili, kushuka mpaka milimita 2, ndio wenye ubishi, na hapo kalamu itumike kabla ya chekeche. Dhahabu unayoondoka nayo ni kiasi kilichomo katika kila mita ya ujazo, mara mita ulizoosha, mara sehemu inayokamatwa. Tuchukulie mfano wa watu wawili na mfereji wa upana wa sentimita 30. Bila kuchekecha wanaosha mita za ujazo 4 kwa siku na kukamata asilimia 60: wanapata dhahabu yote ya mita 2.4. Wakiweka nondo za milimita 12 wanaosha 3.5 na kukamata asilimia 75: wanapata 2.6. Wakichekecha kila kitu kwa mkono mpaka milimita 2, wanaosha 2.5 na kukamata asilimia 85: wanapata 2.1. Walioikamata dhahabu vizuri zaidi ndio walioambulia kidogo zaidi. Namba hizi ni za mfano tu, weka za kwako. Kama dhahabu yako ni vumbi tupu na mfereji bila chekeche unakamata asilimia 35, hesabu inageuka kabisa. Ila asiyejua asilimia yake hana anachobishania.

Kuijua si kazi kubwa. Chukua ndoo 10 za lita 20 kutoka sehemu mbalimbali za uso unaouchimba, juu mpaka kwenye mwamba, maana dhahabu haigawanyiki sawa. Zichekeche ndani ya maji kwa matundu ya milimita 12, 4, 2, 1 na 0.5. Pima ujazo wa kila fungu. Osha kila fungu peke yake kwenye karai, ukaushe dhahabu yake na uipime kwenye mizani inayosoma miligramu. Usikadirie kwa macho. Fungu la chini ya 0.5 litakuwa na chembe nyingi za kuvutia na bado linaweza kuwa na uzito mdogo kuliko vipande vitatu vya fungu la milimita 2 mpaka 4. Ukikuta zaidi ya nusu ya uzito wa dhahabu iko chini ya milimita 0.5, mkato wa pili unastahili kufikiriwa. Ukikuta uzito mwingi uko juu ya milimita 1, nondo zako zinatosha, nenda kachimbe.

Jaribio hilohilo linakuambia tundu liwe kubwa kiasi gani. Tundu liwe angalau mara mbili ya chembe kubwa unayoipata mara kwa mara, kwa sababu chembe bapa hulala juu ya waya na haisimami wima kwa ajili yako. Dhahabu ikiwa chini ya milimita 1, matundu ya milimita 2 yanafaa. Kushuka mpaka milimita 1 kwa mzigo mbichi kunaonekana ni uangalifu wa hali ya juu, lakini kwa mikono ni kupoteza siku: matundu yanaziba, na faida juu ya milimita 2 ni ndogo.

Ukishaamua kushuka mpaka milimita 2, mfereji ubadilishwe. Toa vizuizi virefu. Weka mpira wenye mifereji ya kina cha milimita 2 mpaka 3, au zulia la nyuzi fupi, na juu yake wavu mwepesi wa chuma ulalie vizuri kila mahali. Ukiacha nafasi chini ya wavu, maji yatapita hapo na kufagia. Sentimita 30 za mwanzo ziwe laini, bila wavu, ili mzigo upate nafasi ya kujipanga, mzito chini na mwepesi juu, kabla ya kufika kwenye wavu. Inua kichwa cha mfereji sentimita 10 kwa kila mita ya urefu, kisha rekebisha sentimita moja moja. Kina cha maji kiwe milimita 8 mpaka 10. Kwa upana wa sentimita 30 hayo ni takriban lita 2 kwa sekunde: weka ndoo ya lita 20 mkiani, ijae kwa sekunde 10. Ukilinganisha na mfereji wa kusukuma mawe, unaomeza maji mara tano au zaidi, utaona kwamba hata pampu ndogo inapumua.

Urefu wa mita 1.2 mpaka 2 unatosha. Mtu akikosa dhahabu huwa anafikiria kuongeza urefu, lakini kama maji ni makali, mita zilizoongezwa ni makali yaleyale yamerefushwa. Afadhali kuongeza upana, maana upana unapunguza kina.

Kulisha mfereji wa namna hii kunataka mkono mtulivu. Mimina kiasi kisichozidi lita 1 kila baada ya sekunde 10, ukiisambaza upana mzima. Koleo zima likimwagwa kwa mpigo linafanya bwawa dogo. Maji yanajikusanya nyuma yake, kisha yanabomoa kwa pamoja na kwenda na kila kitu kilicholala sentimita 40 za mwanzo. Wengi wanaolaumu zulia wanapaswa kulaumu koleo.

Dalili za mfereji zisomwe kwa kidole. Bonyeza mchanga uliokaa kwenye mifereji ya mpira wakati maji yanapita. Ukizama kwa ulaini, hali ni nzuri. Ukigota kwenye kitu kigumu, umeganda: punguza kulisha, au inua kichwa sentimita moja. Zulia likionekana tupu sehemu za juu, maji ni makali: punguza maji kwanza kabla ya kushusha mwinuko. Mchanga mweusi ukitengeneza mikia midogo nyuma ya kila tundu la wavu, na mikia hiyo inachezacheza bila kukatika, acha mfereji kama ulivyo.

Kupima upotevu, kata zulia vipande vitatu na ukisafishe kila kimoja kwenye ndoo yake. Dhahabu ya kipande cha tatu ikizidi sehemu ya kumi ya ile ya kipande cha kwanza, jua kuna nyingine inayoendelea kutoka. Kwa kuongezea, kinga maji ya mkiani kwa ndoo pana kila baada ya saa moja, upana mzima wa mfereji na siyo katikati tu, na uoshe ulichokinga kwenye karai. Marudio yaliyolundikana chini ya mfereji hayafai kwa kipimo hiki. Maji yameshayachambua tena baada ya kutoka.

Sasa chekeche lenyewe. Lisitumike kwenye udongo mbichi wenye unyevu. Udongo kavu kabisa unapita, uliolowa maji unapita. Ule wa katikati ni adhabu, unanata kwenye waya na dhahabu bapa inanata nao kwenye mawe. Weka chekeche ndani ya karai kubwa la maji, maji yafike nusu ya kina cha mzigo, lizungushe nusu mzunguko kwenda na kurudi huku ukiliinua na kulishusha. Ukiliinua juu, maji yanayochuruzika yawe karibu safi. Kama bado ni ya rangi ya chai, mawe hayajaoshwa na usiyatupe. Mimina maji ya mwisho juu ya mawe hayo, yapitie chekecheni, ndipo uyakague.

Mzigo wenye udongo mfinyanzi una utaratibu wake. Bonge la udongo la ukubwa wa ngumi lililobaki juu ya nondo linaweza kuwa ndilo lenye dhahabu yako, na bonge dogo linaloviringika mferejini hufanya vibaya zaidi: linaokota chembe zilizokwisha tulia na kuondoka nazo. Loweka mzigo usiku kucha kwenye pipa au shimo lililosakafiwa, uuvuruge kwa koleo mpaka mabonge yayeyuke, umwage maji ya matope polepole, uongeze mengine, ndipo uchekeche. Matope mazito nayo yasiingie mferejini, kwa sababu maji mazito yanaibeba chembe ndogo kwa muda mrefu kabla ya kuiachia. Pale ambapo dhahabu inaelea juu ya maji, hasa kwa mzigo uliokuwa mkavu au wenye mafuta ya injini, matone machache ya sabuni ya maji kwenye karai la kuchekechea yanasaidia. Mferejini sabuni haina maana, inaondoka na maji.

Waya wa chekeche unachakaa, na unachakaa katikati kwanza. Tundu lililokuwa milimita 2 linakuwa 3, kisha waya mmoja unakatika na mawe madogo yanaanza kupita bila mtu kugundua mpaka mfereji uanze kuganda ovyo. Kila asubuhi linyanyue kuelekea mwangani. Tundu likizibwa na punje iliyolingana nalo, ligonge kwa chini au pindua chekeche na umwagie maji. Kusukuma kwa msumari ndiko kunakotanua matundu. Bati lililotobolewa hudumu kuliko waya lakini lina eneo dogo la kupitisha, hivyo kwa mkono ni la polepole.

Mawe yaliyobaki juu yasitupwe kwa mazoea. Rudi kwenye ile hesabu ya punje moja na chembe 27,000. Kama jaribio lako limewahi kutoa kipande kinachozidi milimita 6, tandaza mawe ya juu na yatembelee kwa kifaa cha kugundua metali kabla ya kuyarundika, au walau yapitishe machoni yakiwa yamelowa. Fungu la kati, lililo kati ya milimita 2 na 12, nalo lisimwagwe. Likusanye pembeni, na mwisho wa siku rudisha vizuizi, ongeza maji, ulioshe lote kwa mpigo, linapita haraka.

Kuna njia ya kupata mkato wa pili bila kumchosha mtu, na kwa maoni yetu ndiyo jibu zuri zaidi pale palipo na mteremko. Wachimbaji wa California katika karne ya 19 walikuwa wakitoboa sakafu ya mfereji mkubwa karibu na mkia, wakaweka bati lenye matundu. Mchanga mdogo, ambao tayari umetembea chini ya mawe, unadondokea humo pamoja na sehemu ndogo ya maji na kuingia kwenye mfereji wa pili, mpana, uliolazwa pembeni. Mawe yanaendelea na safari yao. Kwa mfereji wa sentimita 30, bati la urefu wa sentimita 25 mpaka 40 lenye matundu ya milimita 3 mpaka 5 linatosha, na mfereji wa pili uwe na upana mara mbili au tatu ya ule wa juu ili maji yawe membamba. Kosa la kawaida ni kuweka bati refu mno: linameza maji mengi, mfereji wa juu unakauka na mawe yanasimama, na wa chini unafurika. Anza na bati fupi, lenye kipande cha ubao cha kuliziba kidogo kidogo.

Wanaoosha mwamba uliosagwa kwenye karasha wasichukue ushauri huu mzima mzima. Kwao kinachobaki juu ya chekeche si takataka. Dhahabu inaweza kuwa imefungiwa ndani ya jiwe, kwa hiyo kinarudi kusagwa. Na wasisage kila kitu mpaka kiwe unga ili tu kipite tundu dogo, maana karasha linaipiga dhahabu iliyokwisha achia mwamba na kuifanya bapa na nyembamba, yaani ileile inayokataa kuzama. Sagia, chekecha, rudisha kilichobaki. Sagia, chekecha, rudisha. Zebaki, inayotumiwa na wengine kunasa dhahabu, haiokoi uzembe wa hatua hii. Kumwaga zebaki kwenye mzigo mzima ni miongoni mwa mambo ambayo Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, unazitaka nchi zichukue hatua za kuyakomesha, na dhahabu iliyofungiwa ndani ya jiwe zebaki haiifikii.

Mahali ambapo kuchekecha hakuna mjadala ni kwenye makinikia, ule mchanga mweusi uliokung'utwa kutoka kwenye zulia. Hapa adui si kwatzi tena, ni magnetaiti na ndugu zake, na tumeshaona kwamba chembe ya dhahabu inazama sawa na magnetaiti yenye kipenyo mara mbili ya wake. Kwa hiyo ukigawa makinikia katika mafungu ambayo punje kubwa haizidi mara mbili ya ndogo, ndani ya kila fungu dhahabu ndiyo inayozama kwanza. Machekeche ya meshi 30, 50 na 100 (meshi ni idadi ya matundu kwa kila inchi) yana matundu ya takriban milimita 0.6, 0.3 na 0.15, kila moja nusu ya lililotangulia, na yanafanya kazi hiyo bila hesabu nyingine. Osha kila fungu peke yake kwenye karai, ukianza na kubwa ili mkono uzoee. Fungu lililopita meshi 100 lioshwe kwa maji kidogo sana na kwa kugongagonga karai, si kwa kulizungusha.

Sumaku itumike baada ya kuchekecha, makinikia yakiwa makavu, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kupitishwa juu ya mchanga bila kuugusa. Ulichokinyanyua ukitandaze na ukipitie mara ya pili, kwa sababu nywele za magnetaiti zinaposimama kwenye sumaku hubana chembe za dhahabu katikati yake. Kinachobaki chini kwenye hiyo mara ya pili kirudishwe kwenye fungu lake.